Ngozi ya Baba

Oda iliingia saa tano usiku, Februari 2025. Kurasa saba, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Nilibonyeza kukubali kabla sijasoma mada, kwa sababu kwa hii kazi yetu ukianza kusoma mada kwanza, mwenzako wa Kahawa West ashaichukua. Kazi yenyewe si siri tena Nairobi. Mwanafunzi wa ng'ambo analipa, mwenye akaunti anakata fungu lake, na sisi wa chini tunaandika. Nimeandika kuhusu kodi za Australia, kuhusu falsafa ya watu ambao siwezi kutamka majina yao, na kuhusu uuguzi mara nyingi mpaka nimesahau idadi. Digrii yangu mwenyewe niliiacha mwaka wa tatu. Za watu wengine nimemaliza kadhaa.

Mada ilikuwa hivi: eleza matumizi ya tiba ya kingamwili kwa mgonjwa mwenye limfoma ya ngozi iliyokataa kusikia dawa.

Nikaisoma mara mbili. Upande wa pili wa pazia, Baba alikuwa anajikuna.

Kama hujawahi kuishi na mtu mwenye huu ugonjwa, hiyo sauti huijui. Si kujikuna kwa kuumwa na mbu. Baba ana brashi ya viatu aliyoitenga, ile ya manyoya magumu, na usiku huipitisha mgongoni polepole kama mtu anayeng'arisha kiatu cha mteja mkubwa. Kwa nyumba zetu za Jericho, vyumba viwili na ukuta ambao jirani akikohoa unamwambia pole, hakuna mahali pa kuikimbia hiyo sauti. Nilivaa spika za masikio, nikaanza kuandika.

*

Baba ni fundi wa viatu vya ngozi. Miaka thelathini na kitu ameketi kibanda kimoja Kariokor, soko lililorithi jina lake kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Anashona sandali, zile za mikanda yenye shanga ambazo watalii hununua kwa bei ya kitalii na sisi kwa bei ya kuomba. Ngozi anaijua. Akishika kipande atakuambia kupe walimla huyu ng'ombe wapi, na aliyemchuna alikuwa na haraka au alikuwa na subira. "Ngozi mbaya haifichwi na polishi," husema. Kiswahili kimetupa neno moja kwa ngozi ya ng'ombe na ngozi ya mtu, na mimi sikuwahi kulifikiria hilo mpaka yake ilipoanza kuharibika.

Ilikuwa 2015. Mabaka mawili kiunoni, rangi hafifu kuliko ngozi yake, na magamba membamba juu. Mtu wa duka la dawa akasema choa, tukanunua mafuta ya choa. Mwingine akasema ukurutu. Kuna kliniki moja ilimdunga sindano ambayo hadi leo hatujui ilikuwa ya nini. Jirani akasema ni watu wa ushago wamemfanyia mambo kwa sababu ya shamba. Alipimwa virusi vya ukimwi mara tatu, na kila mara akitoka hana, alirudi nyumbani akitutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Krimu zilimsaidia wiki mbili, halafu mabaka yanarudi na wenzao. Yakapanda mgongoni, yakashuka mapajani. Kwa ngozi nyeusi mabaka haya mara nyingi hayawi mekundu kama ya kwenye picha za vitabu. Yanaweza kuwa meupe kidogo, au meusi zaidi, na ndiyo maana watu hudanganyika.

Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka 2021 daktari mmoja wa ngozi, mama mpole mwenye miwani, alimtazama Baba akiwa kifua wazi na hakusema choa. Alikata kipande kidogo cha ngozi, akakituma maabara. Biopsi ya kwanza haikusema kitu cha maana. Akakata tena. Ya pili ndiyo ilileta jina: maikosisi fungoidesi.

Jina lenyewe ni la uongo. Linasikika kama fangasi na si fangasi. Mfaransa aitwaye Alibert alimwona mgonjwa mwaka 1806 akiwa na vivimbe vilivyomkumbusha uyoga, akaupa ugonjwa jina la uyoga, na zaidi ya miaka 200 baadaye bado tunalitumia. Ukweli ni kwamba ni saratani. Kwenye damu kuna seli ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kulinda mwili. Katika huu ugonjwa baadhi yake huasi, zikahamia kwenye ngozi na kuzaana huko. Kwa watu wengi huenda polepole, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi. Kwa wengine huamka. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba watu weusi huupata zaidi kuliko weupe, na kwa umri mdogo zaidi.

Baba alisikiliza yote haya akiwa amekunja shati mapajani. Alipoulizwa kama ana swali alisema, "Naweza kuendelea na kazi?"

*

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo, na mimi huwapa jibu fupi: doo. Jibu refu ni bahasha mbili mezani, Januari 2022. Moja ilikuwa ada ya semista. Ya pili ilikuwa bili ya hospitali, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kupigwa mwanga mara tatu kwa wiki. Ni kasha kama kabati la nguo, lenye taa za miale ya urujuanimno ndani. Unasimama humo uchi dakika chache. Mwanga ule huzichosha seli zilizoasi. Nauli kwenda na kurudi mara tatu kwa wiki, siku za kazi zilizopotea, vipimo, mafuta. Hakuna aliyeniambia niache chuo. Mama alitutoka 2012, kwa hivyo hata wa kunikataza vizuri hakuwepo. Nilimwambia Baba nimeahirisha semista moja.

"Moja tu?"

"Moja tu, Baba."

Hatukuliongelea tena. Nikajifunza kuandika karatasi za watu.

Na jioni nikawa nampaka mafuta mgongoni, kwa sababu mkono wake haufiki. Sijui kwenu, lakini kwetu mtoto wa kiume na babake hawagusani. Mnasalimiana kwa mkono Krismasi, basi. Wiki za kwanza nilimpaka kama mtu anayepaka ukuta rangi, haraka haraka, tukiwa tumeelekeza macho kwa TV. Baadaye nikaujua mgongo wake kama ninavyoijua Jogoo Road. Nilijua baka gani ni la zamani na gani limekuja wiki hii. Mimi ndiye niliyeona kivimbe cha kwanza, chini ya bega la kushoto, mwisho wa 2023. Hapo mwanga ulikuwa umeacha kufanya kazi. Wakamwanzishia vidonge vya metotreksati, mara moja kwa wiki. Vikasaidia, halafu navyo vikachoka.

Hapo ndipo tulipokuwa ile oda ilipoingia.

*

Kwa hivyo nikasoma. Mpaka saa tisa usiku nilikuwa nimefungua kurasa arobaini.

Nitakueleza nilichoelewa kwa lugha ya mtaa. Kingamwili ni kitu ambacho mwili wako unakitengeneza kila siku, protini yenye mikono miwili ya kushika adui. Kila kingamwili kinajua sura moja tu. Mwaka 1975, pale Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kutengeneza maabara kingamwili cha aina moja kwa wingi wowote unaotaka. Wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Ugunduzi wao haukuwekewa hataza, yaani yeyote aliweza kuutumia bure. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Dawa zilizotoka humo utazijua kwa mwisho wa majina yake: mabu. Kuna rituksimabu, ya limfoma za seli B, lakini hiyo haimsaidii Baba kwa sababu zake ni seli T. Kuna trastuzumabu, ya aina fulani ya saratani ya matiti. Kuna brentuksimabu vedotini, ambayo ni kingamwili kilichobebeshwa sumu kama boda iliyobeba mzigo, kinaupeleka hadi mlangoni kwa seli mbaya. Na kuna mogamulizumabu, ndiyo oda yangu ilikuwa inaihusu.

Mogamulizumabu hufanya kazi hivi. Zile seli T zilizoasi mara nyingi huvaa juu yake alama iitwayo CCR4. Sasa fikiria kijana anapita stage ya Donholm saa za jioni, mtu anamshika jezi na kupiga kelele, "Mwizi!" Huyo aliyeshika hapigi mtu. Kazi yake ni kushika tu na kuita. Watakaopiga ni umati. Kingamwili hicho hushika CCR4, na umati unaokuja ni seli za kinga ziitwazo seli wauaji asilia. Wajapani waliokitengeneza walifanya ujanja mmoja: waliondoa sukari fulani kwenye mkia wa kingamwili, na bila hiyo sukari wauaji wanaushika vizuri zaidi. Kelele ileile, umati unakuja mbio.

Na kama ilivyo mtaani, kuna anayepigwa kwa sababu tu amevaa jezi inayofanana. Zipo seli nzuri zenye CCR4 pia, zile zinazotuliza ugomvi mwilini. Zikipungua, baadhi ya wagonjwa hutokwa na upele, na upele wenyewe huweza kufanana na ugonjwa uleule unaotibiwa, mpaka daktari akate ngozi tena ndipo ajue ni upi.

Japani waliikubali 2012 kwa saratani nyingine ya seli T. Marekani waliikubali Agosti 2018 kwa wagonjwa kama Baba, waliojaribu angalau dawa moja ya kupita mwilini mzima ikashindwa. Utafiti ulikuwa na wagonjwa 372. Nusu wakapewa hii, nusu wakapewa dawa ya zamani zaidi. Kwa waliopewa hii, muda wa kati kabla ugonjwa haujasonga mbele ulikuwa miezi 7.7. Kwa wale wengine, miezi 3.1.

Haya yote niliyaandika vizuri. Niliyaandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika chochote chuoni. Halafu nikafungua simu, upande wa kikokotoo.

Dozi ni miligramu moja kwa kila kilo ya mtu. Baba ana kilo 60. Kichupa kimoja kina miligramu 20, kwa hivyo vichupa vitatu kila akitundikiwa dripu. Mwezi wa kwanza kila wiki, baadaye kila wiki mbili. Kwa mwaka, mara 28. Vichupa 84. Bei ya orodha Uingereza ni zaidi ya pauni 1,300 kwa kichupa. Nikakadiria pauni kwa shilingi 160, nikiipunguza makusudi nisijitishe. Ikatoka zaidi ya milioni 17.

Kifurushi cha saratani cha SHA wakati huo kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka mzima, 400,000 kutoka mfuko mmoja na 150,000 kutoka mwingine. Hiyo nayo ni ya dawa zilizoko kwenye orodha.

Ndiyo maana nikasema ukumbuke ile hataza. Ufundi wenyewe ulianza bure. Na huku kwetu, huu ukoo wa magonjwa hatukuusikia tu redioni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, na leo dunia nzima inauita limfoma ya Burkitt. Seli zilizosafirishwa kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha wanasayansi London kugundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Vitabu vya limfoma vina sisi ndani yake. Kwenye bei ndiyo hatumo.

Nikatuma kazi saa kumi na moja na dakika arobaini. Nikalipwa 2,450. Nikanunua unga, tokeni za stima, na mkebe mkubwa wa mafuta ya mgando ya Baba.

Sikumwambia chochote.

*

Miezi minane sikumwambia. Nilijipa sababu zote. Kwamba ni ukatili kumtajia mtu dawa asiyoweza kuinunua. Kwamba daktari angekuwa ameitaja kama ingewezekana. Ukweli ni kwamba nilimwogopa akisema, "Tuitafute." Kwa sababu akisema hivyo, mimi ndiye wa kutafuta, na nilikuwa nishapiga hesabu. Kuna kipande cha shamba Machakos, ekari moja na nusu, alipozikwa Mama. Kila usiku nilipompaka mafuta nilikuwa nakiuza kichwani, halafu nakinunua tena kufika asubuhi.

Ilitoka kwa bahati mbaya. Tulikuwa tunakula, redio ikasema habari za ile dawa ya matiti, Herceptin. Mwaka huo serikali ilikuwa imekubaliana na kampuni ya Roche, dozi ishuke kutoka takriban 120,000 hadi 40,000, na SHA ilipe.

Baba akatafuna pole pole. "Hiyo ni nzuri. Akina mama wamepata."

"Hiyo pia ni mabu," nikasema.

Nilisema tu, kama mtu anayeota. Baba akaweka kijiko chini.

"Hiyo *pia*?"

Nikanyamaza. Redio ikaenda kwa mpira.

"Wewe kijana," akasema, "uliijua lini?"

"Ijue nini, Baba?"

"Ile yangu. Ya kutundikwa. Ile jina lake refu."

Nikamwambia, Februari. Nikamweleza oda, kurasa saba, saa tano usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, na nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anacheka.

"Daktari aliniambia mwaka juzi," akasema. "Kile kivimbe kilipotokea. Akasema ipo, lakini iko mbali na sisi. Nikamwomba asikuambie."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia ungeuza shamba."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeliuza mara mia.

"Mimi chuo nilikula," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja tangu ile Januari. "Semista moja. Unafikiri mimi sijui kuhesabu semista? Sasa nile na kaburi la mamako?"

"Hukula kitu, Baba. Mimi niliacha mwenyewe."

"Haya." Akasukuma sahani. "Inaponya?"

Hilo swali nililiogopa zaidi ya bei. Nikamwambia kwa wengi inausimamisha tu kwa muda. Nikamtajia ile miezi saba na ile mitatu. Nikamwambia kuna wachache waliokaa nayo muda mrefu zaidi, na kwamba hakuna anayejua mapema ni nani. Akaihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu pea za viatu.

"Tofauti ni miezi minne na kitu."

"Ndiyo."

"Kwa milioni kumi na saba."

"Ndiyo, Baba."

Alikaa kimya muda. Sikutaka aseme lile neno la kishujaa ambalo watu husema kwa hadithi, kwamba maisha ni ya Mungu, kwamba yeye ameshiba. Hakulisema. Alisema, "Miezi minne si midogo. Wewe usidhani ni midogo." Halafu akavua shati, akageuka, akanipa mgongo.

*

Sasa hivi wanampiga mionzi kwenye vivimbe, vile viwili vikubwa, na vimenywea. Kuna vidonge vingine daktari anataka kujaribu. Tumemuuliza wazi, sote wawili tukiwa tumeketi mbele yake, kama kuna utafiti wowote au mpango wowote wa kuipata ile dawa, na ameahidi kuandika barua. Ni barua tu. Lakini tuliuliza tukiwa pamoja. Kama wewe una baka ambalo limekataa krimu mwaka mzima, nawe uliza. Omba wakate kipande waangalie. Usikubali kuitwa choa miaka sita.

Jumapili iliyofuata baada ya yale maongezi, Baba aliniuliza ile karatasi yangu ilipata alama ngapi. Mwenye akaunti huwa anatutumia maoni ya mteja wakati mwingine, na hiyo alikuwa amenitumia: mwalimu wake alimpa 91 kwa mia.

"Kwa hivyo kuna nesi huko anaitwa amesoma," Baba akasema, "na ni wewe."

"Ni mimi."

"Nisomee."

Nikafungua laputopu. Ilikuwa kwa Kiingereza, kile Kiingereza cha kuvaa suti, na Baba alinisimamisha kwa sentensi ya pili. "Hapana. Isome kama unaniambia mimi."

Nikaanza upya, kwa Kiswahili, bila kuandika, nikitafuta maneno. Nilipofika kwa umati na mwizi alicheka sana mpaka akakohoa. Nilipofika kwa upele alisema, "Hata dawa inachapa asiye na hatia." Tulimaliza karibu saa sita za usiku. Brashi ilikuwa mezani na hakuigusa muda wote huo, au labda ni mimi sikusikia.

Ile karatasi ya kwanza ina jina la mtu nisiyemjua. Hii niliyoandika hapa ndiyo nilimsomea Baba.